Kutibu mzizi wa jino ukiwa ughaibuni: piga hesabu mpaka kofia

Wengi walio ughaibuni humfikia daktari wa meno baada ya usiku kadhaa bila usingizi. Mzizi unatibiwa, yaani ndani ya jino panasafishwa na kuzibwa, maumivu yanakwisha, na hawarudi tena. Miezi michache baadaye gego linapasuka kwa kutafuna mahindi ya kuchoma, na ufa ukishashuka hadi kwenye mzizi, linalobaki ni kung'oa. Tiba haikuwa mbaya, iliachwa nusu. Kwa hiyo kabla hujakubali jino lifunguliwe, jua litavikwa kofia, yaani ganda gumu linalofunika jino lote, wapi, lini na kwa fedha gani.

Si kila jino linalouma linahitaji tiba hii. Likishtushwa na maji baridi na kutulia baada ya sekunde chache, mara nyingi kuziba tundu kunatosha. Lakini maumivu yanayoendelea muda mrefu baada ya kumeza chai ya moto, yanayokuamsha usiku, au kipele cha usaha kwenye ufizi, vinaonyesha kwamba kiini cha jino, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, kimeharibika. Jihadhari hasa na jino lililouma vikali kisha likanyamaza lenyewe. Mara nyingi limekufa, na vijidudu vinaendelea kusonga kuelekea kwenye mfupa.

Amoksilini uliyobeba kwenye begi kutoka nyumbani haitamaliza tatizo. Ndani ya jino lililokufa damu haipiti, na dawa husafiri kwa damu. Antibayotiki ina kazi pale uvimbe unaposambaa au homa inapoanza. Uvimbe ukielekea jichoni au shingoni, au ukishindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri, nenda hospitali idara ya dharura saa hiyohiyo.

Kutuliza maumivu ya mtu mzima wakati akisubiri miadi, ibuprofeni miligramu 400 pamoja na parasetamoli miligramu 1,000 hufanya kazi vizuri kuliko moja peke yake. Parasetamoli isizidi miligramu 4,000 kwa saa 24. Ibuprofeni haimfai mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mgonjwa wa figo wala anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Usiweke aspirini kwenye ufizi, inaunguza. Mafuta ya karafuu yanatuliza kweli: eujenoli iliyomo ndani yake ndiyo ileile madaktari huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza kizibo cha muda. Ila kutuliza si kutibu.

Kwenye kiti, kazi huanza kwa eksirei na ganzi. Gego la chini lenye kiini kilichowaka huweza kukataa ganzi ya kawaida, na hapa ndipo watu wetu huumia bure kwa sababu tumelelewa kuvumilia. Usivumilie. Kubaliana na daktari mapema kwamba ukiinua mkono anasimama. Ana njia nyingine, kama kuchoma ganzi kando kabisa ya mzizi au ndani ya mfupa.

Kisha jino huzungushiwa kipande chembamba cha mpira kinacholitenga na kinywa. Uliza kabla kama kitatumika, maana si urembo. Mifereji ya mzizi huoshwa kwa sodiamu haipokloraiti, kemikali ileile iliyomo kwenye Jik. Mpira huo huizuia isikuingie kooni, huzuia mate yenye vijidudu yasirudi ndani ya jino, na huzuia usimeze kitupa, yaani tupa ndogo ya kusugulia mfereji, kikiponyoka. Kwa vitupa hivyo vyembamba mno daktari husugua kila mfereji hadi karibu na ncha ya mzizi, na kifaa cha umeme humwonyesha urefu. Baada ya kukausha, hujaza gutapacha, aina ya utomvu kama mpira, na gundi yake. Pakiwa na usaha mwingi, huenda akaweka dawa ya kalisi haidroksaidi na kizibo cha muda, kisha akakuita tena.

Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja. Gego la kwanza la juu mara nyingi lina minne, na wa nne umejificha. Mfereji uliosahaulika ni sababu kubwa ya jino kurudia kuuma, ndiyo maana kwa gego gumu inafaa kuomba rufaa kwa bingwa wa mizizi mwenye hadubini. Jino kuuma kidogo unapotafuna kwa siku chache ni kawaida. Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu, au uvimbe mpya, piga simu.

Sasa fedha. Uingereza, kwa upande wa England, mzizi uko daraja la 2 la malipo ya NHS, huduma ya afya ya umma, na kofia daraja la 3. Viwango vilivyoanza Aprili 2025 vilikuwa pauni 75.30 na pauni 326.70. Vikiwa kwenye mpango mmoja wa matibabu unalipa daraja la 3 tu, kwa hiyo omba vyote viandikwe pamoja. Ada ya afya uliyolipia viza haikuondolei malipo haya.

Marekani, bima nyingi za meno zina kikomo cha mwaka, mara nyingi kati ya dola 1,000 na 2,000, na gego moja linaweza kukimaliza. Omba makadirio ya bima kabla ya kazi kwa namba tatu: D3330 ya mizizi ya gego, D2950 ya kujenga upya jino, D2740 ya kofia ya kauri. Ikiwa ni Desemba na mwaka wa bima yako unaanza Januari, mzizi unaweza kuingia mwaka huu na kofia mwaka ujao, mradi zisipite wiki nyingi katikati.

Ujerumani, bima ya serikali hulipia mzizi wa gego kwa masharti, kwa mfano safu ya meno iwe haina pengo. Kwa kofia hutoa asilimia 60 ya gharama ya tiba ya msingi, na hufika 75 kwa mwenye Bonusheft, yaani kijitabu cha kuthibitisha ukaguzi wa meno wa kila mwaka, iliyogongwa mhuri miaka 10 mfululizo.

Ukiamua kumalizia nyumbani wakati wa likizo, nenda kwa daktari wiki ya kwanza, kwa sababu kofia hutengenezwa maabara. Beba picha za eksirei, urefu wa kila mfereji, na namba ya jino pamoja na mfumo wake. Jino namba 14 kwa Marekani ni gego la kwanza la juu kushoto. Dar es Salaam, Nairobi na Berlin, 14 ni jino la juu kulia, mbele ya magego. Mwambie daktari jina la jino, upande, juu au chini, na umwonyeshe kwa kidole kabla ya ganzi.