Kuzuru majengo ya kale kwenye kaunti ya nyika: ninavyofanya mimi huko Kansas

Naendesha lori, na barabara kuu namba 70 inayokata Kansas naijua nje ndani. Kwa miaka mingi nilipita pale nikiamini hakuna kitu: ngano, ng'ombe, maghala ya nafaka, upepo. Siku hizi nikipata mapumziko natoka na gari dogo kutafuta majengo ya kihistoria, na wenzangu wananiuliza nayaonea wapi.

Anza na orodha kabla ya ramani. Marekani wana Rejista ya Taifa ya Maeneo ya Kihistoria, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1966. Mtandaoni unaweza kuitafuta kaunti kwa kaunti, hata zile ambazo ng'ombe ni wengi kuliko watu. Utakuta mahakama ya kaunti, daraja la chuma, shule ya chumba kimoja, labda ghala la shamba. Angalia sana sehemu ya anwani. Ukiona imeandikwa kwamba anwani imezuiwa, mara nyingi hapo ni mahali pa mambo ya kale yaliyo chini ya udongo, na wamepaficha makusudi ili wachimbaji wezi wasipafikie. Paache. Vingi vilivyobaki vinaelekezwa kwa maili: maili 3 kaskazini, 1 mashariki ya mji fulani.

Usibabaike. Ardhi ile ilipimwa kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, miraba 36 ikafanya tarafa moja, na barabara nyingi za changarawe zimefuata kingo za miraba hiyo. Kwa hiyo hesabu njia panda. Simu ikipoteza mtandao, na itapoteza, wewe unajua njia panda ya tatu kata kulia.

Jambo ambalo wengi hawalijui: jengo kuwa kwenye Rejista hakulifanyi liwe haliguswi. Mwenye mali akitumia pesa zake mwenyewe anaweza kulibomoa, na Rejista peke yake haimzuii. Sheria inauma pale serikali kuu inapoingiza fedha au kibali chake, kwa sababu hapo ni lazima kwanza waangalie mradi utaathiri nini. Niliwahi kuendesha saa mbili nzima kwenda kuona ghala la mawe, nikakuta msingi na magugu. Tangu siku hiyo napiga simu kwanza kwenye makumbusho ya kaunti, kama yapo. Wazee wanaokaa pale wanajua kilichoanguka na kilichosimama. Tena jengo kuwa kwenye Rejista si ruhusa ya kuingia. Kama liko shambani kwa mtu, nenda nyumbani kwake, bisha hodi, jitambulishe. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge nyuma yako.

Ukitoka mashariki kwa barabara ya 70, maeneo ya Russell tazama nguzo za uzio. Ni za mawe! Walowezi hawakuwa na miti, wakapasua mawe ya chokaa. Simama mahali salama, usogelee nguzo moja: ukingoni utaona mistari ya nusu-mashimo iliyopangwa kama meno. Pale ndipo walipotoboa, wakapigilia kabari za chuma hadi jiwe likapasuka lenyewe. Mimi hupapasa yale mashimo kila nikipita.

Lakini kama una siku moja tu, nenda Nicodemus, Graham County. Toka Hays panda barabara ya 183 hadi Stockton, kisha shika ya 24 kuelekea magharibi. Punguza mwendo mapema, maana mji wenyewe unaupita kabla hujamaliza kupiga chafya. Nilimpeleka shangazi yangu alipokuja kututembelea. Alishuka garini, akajifunga kitenge vizuri kwa ajili ya upepo, akatazama pande zote. "Mwanangu, ndiyo hapa? Mji wenyewe uko wapi?"

Hakujua kwamba karibu swali hilohilo liliulizwa mwaka 1878. Watu weusi waliotoka utumwani Kentucky walianza kuhamia hapa 1877, wakiwa wameahidiwa mji. Willianna Hickman alipofika na familia yake, mumewe alimwonyesha moshi unaotoka ardhini: watu walikuwa wakiishi kwenye mahandaki waliyochimba. Mama yule akalia.

Anzia ukumbi wa tarafa, jengo la mawe la 1939, ambalo ndilo kituo cha wageni. Hakikisha mapema siku na saa wanazofungua. Kutoka hapo tembea kwa miguu: kanisa la AME (la Kimethodisti, la Wamarekani weusi), kanisa la Kibaptisti la 1907, shule, na hoteli ya St. Francis inayohusishwa na familia ya Fletcher. Jenny Fletcher ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwanza wa mji. Majengo matano, basi. Si yote ya serikali, kwa hiyo uliza lipi linaingilika. Mahali hapa ni eneo la kihistoria la taifa tangu 1996.

Kwa nini matano tu? Muulize askari wa hifadhi aliyeko zamu akuonyeshe reli ilipita wapi. Mwaka 1888 reli iliyokuwa ikisubiriwa ilipita ng'ambo ya mto Solomon, na wafanyabiashara wakaifuata huko, kwenye mji wa Bogue. Ukiwa na jibu hilo, toka nje usimame katikati ya barabara, utazame ile nafasi tupu kati ya jengo na jengo. Hiyo nayo ni sehemu ya ziara. Ukitaka kuona nafasi hiyo imejaa watu, nenda wikiendi ya mwisho ya Julai, wazawa wanaporudi kusherehekea.

Mvua ikiwa imenyesha, usiache lami. Udongo ule unateleza kama sabuni. Mimi nilivutwa na trekta. Na mafuta jaza kabla, au endelea magharibi hadi Hill City, makao ya kaunti. Pale kwenye pampu nilimweleza shangazi kwamba mji huu ulipewa jina la W. R. Hill, mzungu aliyekuwa mmoja wa waliotangaza na kuuza viwanja vya Nicodemus.

Shangazi akatazama maduka, akatazama mahakama. "Kumbe mji wenye mafuta ni wa dalali," akasema, akafunga kioo.