Shamba la mzee likinyemelewa: funga daftari kabla ya kugombana

Shamba la mzazi au la nyanya likianza kunyemelewa, familia nyingi nchini Kenya hukimbilia kikao cha ukoo. Kikao kina kazi yake, lakini hakimzuii mtu kuhamisha hati wakati nyinyi bado mnakunywa chai. Anzeni na daftari la ardhi, yaani kumbukumbu rasmi za umiliki zinazotunzwa na serikali.

Kwanza keti na mzee peke yake, bila yule mwana anayemshikia simu na kitambulisho. Muulize ni karatasi gani aliyowekea kidole gumba, ilikuwa lini, nani walikuwepo, na kama alisomewa kwa lugha anayoielewa, iwe Kijaluo, Kinyore au Kikisii. Andika majibu yake yalivyo, weka tarehe, kisha umsomee asahihishe. Miezi sita baadaye kumbukumbu itakuwa imechujuka, na karatasi hiyo ndiyo itakayomsaidia wakili kuandika hati ya kiapo.

Kisha nenda masjala ya ardhi inayosimamia eneo la shamba, na namba ya shamba mkononi. Omba sachi rasmi, yaani majibu ya upekuzi wa daftari, pamoja na nakala ya kadi ya kijani, ukurasa wa shamba hilo katika daftari, iliyopigwa muhuri. Sachi inakuonyesha mwenye shamba leo. Kadi inaonyesha safari nzima ya shamba: nani alimpa nani, tarehe gani, na kama kuna mkopo. Usiridhike na hati iliyo sandukuni, maana inaweza kukaa humo salama ilhali daftari limekwisha badilika.

Sasa funga mlango. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu asiye mwenye hati lakini ana haki katika shamba, kama mjane ambaye hati bado ina jina la marehemu mumewe, huweka koshoni, yaani ilani kwenye daftari inayozuia shamba kuhamishwa. Wazee wengine bado huiita kaveti, jina la sheria za zamani zilizofutwa mwaka 2012. Lakini mzee ambaye jina lake ndilo lililo kwenye hati hahitaji koshoni. Yeye amwandikie msajili wa ardhi barua ya kuomba kizuizi, yaani agizo la msajili mwenyewe la kusimamisha uhamisho, chini ya kifungu cha 76 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, akieleza ulaghai anaouhofia na kuambatisha ushahidi. Akijaza fomu ya koshoni anaweza kurudishwa kwa sababu ya fomu tu, na siku zinazidi kupotea.

Kwenye koshoni andika anwani na namba ya simu zinazofanya kazi. Mwenye hati akiomba iondolewe, msajili humtumia notisi aliyeiweka. Asipopinga kwa wakati, inatolewa. Ndivyo koshoni nyingi zinavyokufa: barua ilienda kwenye sanduku la posta ambalo hakuna aliyelifungua kwa miaka. Na usiiweke kwa hasira tu, kwani anayeiweka bila sababu ya maana anaweza kuamriwa kulipa fidia.

Kama ni shamba la kilimo, pitia pia ofisi ya naibu kamishna wa kaunti na uulize kama shamba limeandikishwa kwenye kikao kijacho cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Bila kibali cha bodi, uuzaji wa shamba la kilimo ni batili. Mzee afike mwenyewe aseme hakubali. Barua peke yake hupotea kwenye faili.

Kwa mjane kuna hatari nyingine, nayo ni barua ya chifu inayoorodhesha warithi, ambayo hupelekwa kortini pamoja na maombi ya urithi. Omba kuiona. Wake wa pili na mabinti walioolewa ndio huachwa nje. Maombi ya urithi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na pingamizi huwa na siku 30 tangu tangazo. Zikipita, bado mnaweza kuiomba korti ifute hati ya usimamizi, yaani idhini ya korti ya kusimamia mali ya marehemu, iliyopatikana kwa kuficha warithi, ila hiyo ni kesi ndefu zaidi. Anayeuza mali ya marehemu kabla ya kuidhinishwa na korti anatenda kosa: faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini ni ndogo mno, kusema kweli, lakini kuitaja adhabu hiyo mbele ya mnunuzi humfanya ashike mfuko wake.

Wakili wa bure yupo. Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria ilianzishwa na sheria ya mwaka 2016 kwa wasio na uwezo wa kulipa, na FIDA Kenya, inayotetea wanawake, ina ofisi Kisumu. Nenda na nakala, asili zibaki kwako: kitambulisho, sachi, kadi ya kijani, cheti cha kifo, na ile karatasi ya maelezo. Karani akisema ada ya kufungua kesi ni lazima, muulize wakili kuhusu Amri ya 33 ya Kanuni za Mashauri ya Madai, inayomruhusu maskini kuomba kushtaki bila ada.

Mzee akipigwa au kutishwa, hilo ni la polisi siku hiyo hiyo. Chukua namba ya OB, daftari la matukio la polisi, na fomu ya P3, ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, kabla ya jeraha kupona.