Jinsi ya kushuti mursik kwa simu, kuanzia kwa mkaa

Wengi hapa Nairobi mursik, yale maziwa ya Wakalenjin yanayochachushwa kwa kibuyu kilichopakwa mkaa ndani, wanaijua ile ya wanariadha wakipokewa JKIA, mtu anatoka kwa ndege anapewa kibuyu anapiga fundo, basi. Vile kibuyu kinaandaliwa hawajawahi kuona, na ufundi wenyewe uko hapo.

Hatua ya 1: Ongea kwanza na mama anayetengeneza mursik, simu ikae mfukoni. Akuelezee kazi yote, na umuulize nini hataki ionekane. Uliza pia atafungua lini, manake maziwa yanakaa siku kadhaa na lazima urudi.

Hatua ya 2: Shika simu wima. 1080 inatosha, 4K itakujazia simu na kukumalizia bando bure. Mwanga wa mlangoni ni poa, ringilaiti inafanya kibuyu king'ae vibaya.

Hatua ya 3: Mkaa. Hapa usiharakishe hata kidogo. Kijiti cha senetwet, mti wenye mkaa wa kazi hii, kinachomwa mpaka kiwe kaa jekundu, kinaingizwa kwa kibuyu, alafu mama anasugua na sosiot, ule ufito wa kusugulia ndani ya kibuyu, anasaga huku anazungusha kibuyu mpaka ndani kote kuwe kweusi. Mdomo wa kibuyu ni mwembamba, kamera haioni ndani, so hapa ni sauti ndo inabeba, ule mkwaruzo krr krr, sogeza simu karibu, muombe jirani apunguze redio, na tafadhali usiweke muziki juu yake. Kitu kingine, ukishuti cheusi simu inaongeza mwanga yenyewe mpaka mkono wa mama unakuwa mweupe pe, kwa hivyo gusa skrini pale penye mkono, shikilia mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, ndo urekodi.

Hatua ya 4: Maziwa yameshachemshwa yakapoa, yanamiminwa, kibuyu kinafunikwa. Klipu mbili fupi.

Hatua ya 5: Siku ya kufungua, shuti kibuyu kikitikiswa, kisha mimina kwa kikombe cheupe ili ile rangi ya kijivu ionekane vizuri.

Hatua ya 6: Kuediti. Anza na mkono ukisugua, salamu achana nazo. Mama aongee Kikalenjin chake, Kiswahili kiandike chini, na majina kama senetwet na sosiot yaache vile yalivyo, anayetaka kuyatafuta ayapate. Mtumie kwa WhatsApp aone kabla hujapost, akisema toa hapa, toa. Watu wakianza kuuliza kama huo mkaa hauna shida tumboni, usijibu wewe, mpelekee yeye swali, rekodi jibu, hiyo ni video ya pili tayari.