Rizista ya besi: usiipeleke pini moja kwa moja kwenye transista

Wakuu habari za jioni. Kuna dogo hapa Tabata kaniletea bodi yake, kaunga transista BC547 iwashe rilei (swichi inayovutwa na koili) ya pampu ya simtank, pini ya Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) kaipeleka moja kwa moja kwenye besi, ule mguu wa kuiwashia transista, rilei ikagonga siku mbili halafu kimya. Nimeipima ile pini, haitoi hata volti 1. Inauma, maana rizista yenyewe Kariakoo ni kitu cha sarafu tu.

Sasa sikilizeni. Transista ina miguu mitatu, besi, kolekta na emita. Besi na emita kwa ndani ni kama daiodi (inapitisha umeme upande mmoja tu), ikifika kama volti 0.7 inafunguka, pini inataka kupanda hadi 5 na besi inaivuta ibaki chini, hapo hakuna kinachozuia umeme zaidi ya pini yenyewe kuumia. Pini ya Arduino Uno mwisho wake ni mA (miliampia) 40, na hiyo sio ya kufanyia kazi, mi sivuki 20.

Hatua ya 1, jua mzigo. Koili ya dogo ni ya volti 12, mita imesoma ohm 400, 12 gawa kwa 400 unapata mA 30. BC547 inabeba hadi 100, kwa hiyo inatosha.

Hatua ya 2, gawa hizo mA 30 kwa 10, besi ipewe mA 3. Usiangalie ile hFE (mara ngapi transista inakuza umeme wa besi) ya 200 na ushee kwenye mita ukapiga hesabu nayo, swichi tunataka ifunguke yote, ikifunguka nusu volti zinabaki kwenye transista inapata moto bure.

Hatua ya 3, 5 toa 0.7 inabaki 4.3, gawa kwa 0.003, ni kama ohm 1433. Chukua 1k, yaani ohm 1000 (kahawia, nyeusi, nyekundu), besi inapata mA 4.3, pini haisikii kitu.

Kuunga: pini, rizista, besi. Emita graundi, koili kati ya 12 na kolekta, daiodi 1N4007 sambamba na koili, mstari wake uelekee 12. BC547 ukiitazama upande bapa, miguu chini, kushoto ni kolekta, kulia emita. Graundi zote ziungane jamani, hapa wengi wanakwama.

MASWALI

Mkuu natumia bodi ya ESP32 badala ya Arduino, 1k inafaa?
– Ile inatoa 3.3 tu, utapata mA 2.6. Weka ohm 820 kaka.

Nina 100k nyumbani, si ndo salama zaidi?
– Hapana, besi itapata mA 0.043, hata ukizidisha mara 200 hufiki mA 9, rilei haitagonga.

Fundi, yangu inagonga yenyewe Arduino ikiwa inawaka.
– Pini inakuwa inaelea dada, programu bado haijaishika. Ongeza 10k kutoka besi kwenda graundi, inakula mA 0.07 tu, ile 1k iache hapohapo.