Kusikiliza Magofu Pamoja na Wenyewe: Mwongozo wa Kurekodi Masimulizi ya Takwa kwa Ajili ya Makumbusho

Takwa iko katika kisiwa cha Manda, pwani ya kaskazini ya Kenya, ng'ambo ya mji wa Lamu. Mji wa Takwa ulistawi kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha watu wakahama. Yaliyobaki ni kuta za nyumba za mawe ya matumbawe, msikiti wa Ijumaa ambao nguzo yake imesimama juu ya ukuta wa kibla, visima, na kaburi la nguzo lililo nje ya ukuta wa mji, lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani mwishoni mwa karne ya 17. Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba watu wa Takwa walivuka mlango wa bahari wakaenda kukaa Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, na mpaka leo watu wa Shela hurudi kwenye kaburi hilo kuomba dua ya mvua. Kwa hiyo mtafiti anayeandika kwamba Takwa ni mji uliokufa anaandika nusu ya habari tu.

Mwongozo huu unamhusu mfanyakazi wa makumbusho, mwalimu, mwanafunzi wa akiolojia au kikundi cha vijana kinachotaka kurekodi maarifa ya wenyeji kuhusu gofu fulani, na kuyafikisha makumbushoni yakiwa salama na yenye manufaa. Nimetumia Takwa kuwa mfano kwa sababu ndiko nilikojifunzia kazi hii. Utaratibu ni uleule ukienda Siyu, Pate, Mambrui au Gede, ila maji ya bahari yatakusumbua zaidi huku kwetu.

Hatua ya kwanza: idhini

Magofu ya namna hii yanalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006, na hakuna anayeruhusiwa kuchimba au kuondoa kitu bila leseni. Hata kama huna nia ya kugusa udongo, nenda kwanza kwa msimamizi wa makumbusho ya eneo, umweleze kwa maandishi unachotaka kufanya, na uulize kama kazi yako inahitaji kibali cha utafiti kutoka Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Ukishapata karatasi zako, usidhani umemaliza. Idhini ya ofisi inakufungulia lango la gofu tu. Ya wazee ndiyo inayowafungua watu vinywa, nayo huombwa kwa miguu, mlango kwa mlango, na kwa subira.

Hatua ya pili: mkutano wa kwanza ufanyike kwao

Ni rahisi kuwaita watu kwenye Ngome ya Lamu kwa kuwa ina nafasi ya kutosha. Hata hivyo, kumbuka kwamba ngome hiyo, iliyomalizika kujengwa mnamo 1821, ilikuwa jela tangu mwaka 1910 hadi 1984, ilipokabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa. Wapo watu wazima ambao kwao lango lile bado lina kumbukumbu nzito. Mimi hupendelea kuketi barazani Shela baada ya swala ya alasiri, nikiwa na mtu mmoja tu wa makumbusho, bila kamera wala kinasa sauti. Siku hiyo usiulize historia. Eleza wewe ni nani, nani anagharimia kazi, rekodi zitawekwa wapi, nani ataweza kuzisikiliza, na watu wa Shela watapata nini. Kisha nyamaza, uulize wao wangependa nini kihifadhiwe. Mara ya kwanza nilipouliza swali hilo nilitarajia kuambiwa habari za msikiti na kaburi, lakini mzee mmoja aliniambia kwamba anataka visima viandikwe, kimoja kimoja, kwa sababu vijana hawajui tena ni kipi kilikuwa na maji ya kunywa na kipi kilikuwa na maji ya chumvi. Hilo halikuwamo katika mpango wangu, na likawa sehemu bora ya kazi nzima.

Wanawake wakutanishwe na mwanamke mwenzao, katika nyumba watakayoichagua wenyewe. Kazi iliyorekodi wanaume peke yao ina kasoro kubwa, na nitaeleza sababu yake mbele.

Hatua ya tatu: kupanga safari kwa kufuata maji

Njia ya mashua kwenda Takwa hupita katika mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na mkono huo haupitiki maji yakitoka. Nahodha ndiye mpangaji wa ratiba yako. Kujaa kwa maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo tarehe iliyofaa wiki hii haifai wiki ijayo. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai sana, huenda mashua yenye watu wengi isifike kabisa. Tuliwahi kuchelewa kutoka kwa sababu tulitaka kumaliza mahojiano moja zaidi, tukakaa katika matope na wazee wetu juani hadi maji yaliporudi. Bibi mmoja aliugua kwa ajili ya jua lile, na tangu siku hiyo sijawahi kubishana na nahodha. Ingieni maji yakiwa bado yanajaa, mtoke kabla hayajapungua sana, na muihesabu safari nzima kuwa na saa tatu za kazi.

Saa tatu hazitoshi kwa kila kitu, na kwa hiyo kila safari iwe na jambo moja: visima, au msikiti, au nyumba, au kaburi. Msichukue wasimulizi zaidi ya wanne kwa safari moja. Epukeni Ijumaa, mchana wa Ramadhani, siku za Maulidi, na miezi ya mvua kubwa. Maji ya kunywa, kivuli na chakula ni wajibu wa mwenye kuandaa.

Malipo nayo yapangwe mapema. Lipa nauli, chakula na posho ya siku, sawa kwa kila msimulizi, awe amezungumza sana au kidogo. Usilipe kwa hadithi, na usilipe hata shilingi moja kwa kitu kilichookotwa, kwa sababu siku utakayonunua kigae kimoja, yaani kipande cha chombo kilichovunjika, utakuwa umefungua soko, na soko hilo litachimba gofu usiku.

Hatua ya nne: kurekodi mkiwa mnatembea

Masimulizi yanayotolewa barazani huwa yamepangika, lakini yanayotolewa mahali penyewe huwa na vitu visivyokumbukwa kwingine. Mtu anapogusa ukuta hukumbuka nani alimwonyesha ukuta huo. Kwa sababu hiyo tembea nyuma ya msimulizi, usimtangulie, na umwache achague njia. Mtu wa pili abebe kinasa sauti chenye kizuia upepo, kwa maana upepo wa bahari huharibu rekodi kuliko kelele yoyote. Mtu wa tatu apige picha, na kila kituo kipewe namba inayotamkwa kwa sauti ili ibaki ndani ya rekodi: "Kituo cha nne, kisima cha upande wa mashariki ya msikiti." Utamshukuru aliyetamka maneno hayo utakapokaa mezani na picha 200 zinazofanana. Kabla ya kuingia msikitini au kukaribia kaburi, fuata wanavyofanya wazee: wakivua viatu vua, wakisoma Fatiha zima kinasa sauti mpaka wamalize, isipokuwa kama wenyewe wamekuruhusu.

Maswali yawe mafupi na yasiwe na jibu ndani yake. Katika kisiwa cha Pate kuna masimulizi yanayosema kwamba baadhi ya familia zina asili ya mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo, na wageni wengi wamekwenda huko wakiuliza, "Ni kweli kwamba babu zenu walitoka China?" Swali hilo limekwisha kujijibu. Mwenyeji muungwana hatampinga mgeni wake, na baada ya miaka kadhaa huwezi tena kutenganisha alichosimuliwa na bibi yake na alichokisikia kwa waulizaji. Uliza badala yake, "Uliambiwa nini kuhusu watu waliokaa hapa?" kisha, "Nani alikwambia, na ulikuwa na umri gani?" Swali hili la pili ndilo lenye thamani kubwa zaidi katika kazi nzima, kwa kuwa linampa msomaji wa baadaye mnyororo wa masimulizi, naye aweze kuupima.

Sasa nirudi kwa wanawake. Tulipoingia katika nyumba za Takwa pamoja na wazee wanaume, walituonyesha mlango, ukuta na mwelekeo wa kibla. Kina mama walipoingia walianza kugawa vyumba kwa majina ya nyumba za mawe za Lamu: daka la kupokelea wageni, msana wa tini (ukumbi wa chini), msana wa yuu (ukumbi wa juu), ndani (chumba cha faragha), na nyumba kati, ambayo katika nyumba za Lamu ilikuwa mahali pa uzazi na pa kuoshea maiti. Walibishana wao kwa wao mtungi ungewekwa wapi, na taa wapi, na ubishi huo ulikuwa na maarifa mengi kuliko jibu lolote. Lakini hapa pana hadhari moja. Nyumba kuu za mawe zilizopo Lamu leo kwa sehemu kubwa ni za karne ya 18 na baadaye, ilhali Takwa ilihamwa kabla yake. Jina analolitoa mama wa leo kwa chumba cha Takwa ni ushahidi wa jinsi anavyoielewa nyumba, wala si uthibitisho kwamba chumba kile kilitumika hivyo. Liandike kama alivyolitoa, kwa jina lake na tarehe, na kazi ya kulipima waachie wachimbaji.

Hatua ya tano: vigae vibaki vilipo

Kila safari mtaona vigae chini, na kila safari mtu atainama kuokota. Mweleze kabla hamjashuka mashuani. Kigae kilichoko mahali pake humwambia mtafiti kilikuja wakati gani na kilikuwa jirani na nini. Kikishatiwa mfukoni kinabaki kipande cha chombo tu. Watu hupenda kuokota vile vyenye rangi, kama vya kauri ya Kichina ya kijani au ya buluu na nyeupe, na kuviacha vya vyungu vya udongo visivyong'aa. Ni kinyume cha inavyostahili, kwa sababu vyungu hivyo vilifinyangwa hapa hapa pwani, na ndivyo vingi kuliko vyote katika miji hii. Katika uchimbaji wa Shanga, kisiwani Pate, uliofanywa na mwanaakiolojia Mark Horton katika miaka ya 1980, ni tabaka za chini zenye vigae vya vyungu hivyo, pamoja na alama za misikiti ya mbao iliyotangulia ule wa mawe, zilizoonyesha kwamba Uislamu ulikuwapo pale tangu karne ya nane, ndani ya mji uliokua kutokana na watu wa pwani wenyewe. Lau watu wangaliondoka na vipande hivyo vya udongo, hoja hiyo ingekosa nguzo.

Piga picha ya kigae kikiwa chini, weka kando yake rula na mshale wa kaskazini, andika namba ya kituo, kiache. Kama mtu anakuletea kigae alichonacho nyumbani tangu utoto, usimkaripie. Muulize alikipata wapi, mwandike, kisha mpeleke kwa mtu wa makumbusho. Na tafadhali usiweke mtandaoni ramani kamili ya gofu lisilo na mlinzi.

Hatua ya sita: kuandika maneno kama yalivyotoka

Uandishi wa rekodi huchukua muda mrefu kuliko safari, kwa hiyo uutengee siku nyingi. Msimulizi akisema "nti", usimwandikie "nchi". Akisema "ndia", usimwandikie "njia". Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu, lahaja za huku kwetu, vina maneno ya ujenzi, ya bahari na ya jamaa yasiyopatikana katika Kiswahili sanifu, na ukiyasahihisha umeyafuta. Rekodi zetu za kwanza zilisanifishwa na kijana mwenye nia njema kabisa. Tulipomsomea mzee mwenyewe maneno yake, alisikiliza hadi mwisho akasema kwa upole kwamba hayo ni mazuri ila si yake. Tuliandika upya yote. Ikiwa msomaji wa mbali atahitaji msaada, weka maelezo pembeni, katika safu nyingine.

Ridhaa ya kila msimulizi iandikwe au irekodiwe kwa lugha anayoielewa, na iwe na sehemu tatu tofauti: kurekodiwa, kutajwa jina, na kusikilizwa na umma. Anaweza kukubali mbili akakataa ya tatu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inadai ridhaa ya wazi, lakini hata isingalidai, mambo ya nasaba na ya makaburi si ya kutangazwa bila ruhusa. Weka nakala tatu: moja makumbushoni, moja katika diski iliyo nyumba nyingine, na moja kwa familia ya msimulizi.

Hatua ya saba: kuirudisha kazi kabla ya maonyesho

Kabla ya neno lolote kubandikwa ukutani makumbushoni, rudi barazani Shela na vyumbani kwa kina mama, ukiwa na rekodi, picha zilizochapishwa kwa ukubwa wa kuonekana na macho ya wazee, na maandishi yanayopendekezwa. Wasikilizishe. Watarekebisha jina la kisima, watampinga msimulizi mmoja, na mara nyingine ndipo atakapojitokeza mtu ambaye hakuwahi kualikwa naye ana habari kuliko wote. Pale ambapo masimulizi mawili yanapingana, yaandikwe yote mawili ukutani, kila moja kwa jina la aliyelitoa ikiwa ameridhia. Marekebisho yatiwe katika daftari pamoja na tarehe, yahifadhiwe kando ya rekodi ya kwanza bila kuigusa, na yule mtu mpya aandikiwe nafasi katika mashua ya safari ifuatayo, siku ambayo nahodha atasema maji yanafaa.