Maandalizi ya Nyumbani kwa Mtu Mzima Anayetembea Usingizini

Wengi hudhani kutembea usingizini ni jambo la watoto, na ni kweli kwamba watoto wengi huliacha wakikua. Hata hivyo, takriban mtu mzima 1 au 2 kati ya 100 hupatwa na hali hiyo, na kwake hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa ana nguvu za kufungua komeo, kuwasha jiko na hata kutoka na gari.

Kwanza izingatiwe saa. Hali hii hutokea katika usingizi mzito, ambao huwa mwingi katika theluthi ya kwanza ya usiku. Anayelala saa nne aangaliwe zaidi kati ya saa tano na saa saba. Mwili uliokosa usingizi hulala kwa uzito zaidi, na hapo mkazi wa Chanika au Kibamba, pembezoni mwa Dar es Salaam, anayeamka saa kumi alfajiri ili aiwahi foleni, kisha akarudi nyumbani usiku, yumo hatarini kila wiki. Kupanga saa ya kulala isiyobadilika ni bora kuliko kununua kufuli. Makelele nayo huweza kumwinua mtu akiwa bado usingizini, kwa hiyo usiku wa kigodoro, yaani ngoma ya kukesha mtaani, ni usiku wa tahadhari.

Suala la mlango ndilo gumu kuliko yote. Familia nyingi hukimbilia kumfungia mhusika kwa nje, uamuzi ambao siuungi mkono hata kidogo: moto ukizuka katika chumba chenye nondo madirishani, hana pa kupitia. Afadhali komeo la pili liwekwe juu kabisa ya mlango, mahali asipopazoea mkono wake, ufunguo ukae kwa mtu mmoja anayejulikana ndani ya nyumba, na kengele ndogo ining'inizwe mlangoni ili imwamshe mwenzake. Aishiye ghorofani asilale chumba chenye mlango wa kwenda roshani. Jikoni, mtungi wa gesi ufungwe kwenye valvu yake na visu viwekwe kabatini. Njia ya kuelekea chooni isiwe na ndoo, viti wala waya wa feni.

Katika nyumba ya kupanga, mama mwenye nyumba na wapangaji wa vyumba jirani waelezwe mapema. Anayekutwa uani usiku wa manane akiwa kimya na macho wazi anaweza kuitwa mwizi, au kusemwa kuwa ana majini, na hilo la kwanza mjini hapa si jambo la kungoja litokee. Waambiwe pia kwamba si kweli kuwa akiamshwa atakufa. Akishtuliwa huchanganyikiwa na anaweza kurusha mikono, hivyo ashikwe kiwiko taratibu, aongozwe kitandani kwa sauti ya chini.

Mchana nao una madhara yake, ingawa huzungumzwa kidogo. Wengi huamka wamechoka na kusinzia kazini, wengine hukwepa kulala msibani au safarini kwa aibu, na mwenza anayekesha akisikiliza mlango huchoka vilevile. Dereva wa bodaboda au mwendesha mashine anayesinzia mchana asilichukulie hilo kuwa ni uvivu.

Kabla ya kwenda hospitali, mwenza aandike kwa wiki kadhaa saa ya kila tukio, muda lililodumu na alichofanya mgonjwa; video fupi ya simu husaidia sana. Daktari atajiwe dawa zote anazotumia, hasa za usingizi kama zolpidem, ambayo tangu mwaka 2019 hubeba onyo kali nchini Marekani kuhusu vitendo vya usingizini, na aelezwe kama mgonjwa hukoroma na kukatika pumzi, kwani tatizo hilo likitibiwa, matembezi huweza kupungua. Asingoje miadi ya mbali mtu aliyeumia, aliyeanza hali hii ukubwani ghafla, au anayekakamaa na kutetemeka, kwa kuwa huenda ikawa kifafa cha usiku.