Somo: Kuandaa standadi ya amoksilini kwa HPLC, na hesabu ya maji inayoharibu majibu

Swali la "kapsuli zangu zinasoma 113%, mashine ina shida gani?" limerudi tena, yaani 113% ya kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Mashine (HPLC, inayotenganisha vilivyomo kwenye myeyusho na kupima kiasi chake) haina shida. Cheti cha standadi, yaani unga wa amoksilini wenye usafi unaojulikana tunaolinganishia kapsuli, hakikusomwa. Naandika yote hapa mara moja ili kila atakayeuliza aelekezwe huku.

Nafuata utaratibu wa farmakopia (kitabu cha viwango vya dawa) ya Marekani, USP.

1. Toa kichupa cha standadi kwenye jokofu, kiweke kwenye desiketa (chombo kinachofyonza unyevu) mpaka kifikie joto la chumba, ndipo ukifungue. Ukikifungua kikiwa baridi, unga unavuta unyevu.

2. Vaa glavu na barakoa. Amoksilini ni ya jamii ya penisilini, na vumbi lake huamsha mzio.

3. Bafa (myeyusho unaoshikilia pH): g 6.8 za potasiamu dihidrojeni fosfeti kwa lita moja ya maji, pH 5.0. Hiyo ndiyo ya kuyeyushia. Ya kupitisha kwenye kolamu (bomba la mashine linalotenganisha dawa) ni bafa 96 kwa asetonitrili 4. Kolamu ya C18 ya sm 25, mtiririko wa ml 1.5 kwa dakika, mwanga wa nm 230.

4. Pima mg 30 za standadi, jaza bafa hadi ml 25.

5. Hesabu. Tulia hapa. Unga huo ni amoksilini trihidrati, yaani kila molekuli ya dawa imebeba molekuli 3 za maji. Uzito wa molekuli nzima ni 419.45, wa dawa peke yake ni 365.40. Kwa hiyo karibu 12.9% ya ulichoweka kwenye mizani ni maji, na lebo ya kapsuli ya mg 500 inahesabu dawa bila maji. Tuseme cheti kinasema 86.5% ya dawa isiyo na maji, unga ukitumika kama ulivyo: mg 30 × 0.865 = mg 25.95, na flaski yako ina mg 1.038 kwa ml, si 1.2. Ukisahau, kapsuli yenye 98% inasoma 113.3%. Hilo angalau linakushtua. Hatari kubwa ni kapsuli mbovu yenye 80%: itasoma 92.5%, na kwa kuwa mipaka ya USP ni 90.0 hadi 120.0%, inapita na kwenda kwa mgonjwa.

ONYO: usisahihishe mara mbili. Kama namba ya cheti tayari ni ya dawa isiyo na maji, usizidishe tena kwa 365.40/419.45. Ukifanya hivyo, kapsuli nzuri ya 98% itasoma 85.4% na utaikataa bure.

ONYO la pili: usiukaushe unga kwenye oveni kama cheti hakikuagiza. Ukipoteza sehemu ya maji, namba ya cheti haikuhusu tena.

6. Dunga standadi mara 5. Mkengeuko sanifu wa maeneo ya vilele (vile vinavyochorwa na mashine), kama asilimia ya wastani wake, usizidi 2.0%.

7. Tumia myeyusho wa standadi ndani ya saa 6. Pete ya beta-laktamu, sehemu ya molekuli inayoipa dawa nguvu, inavunjika ndani ya maji.

MASWALI

Kapu_la_Dawa: Sijasoma yote, nina haraka. Nizidishe kwa ngapi?

Jibu: Kwa namba iliyo kwenye cheti cha bechi yako. Hatua ya 5.

Kapu_la_Dawa: Kwani 0.865 haifai?

Jibu: Huo ni mfano. Nimeandika "tuseme". Soma cheti.

Mwanafunzi_Maabara: Shikamoo mwalimu. Mizani yetu inaishia mg 0.1. Hizo mg 30 zinatosha?

Jibu: Marahaba. Umeuliza jambo la msingi. Kwa masharti ya USP, mizani ya aina hiyo, hata ikiwa nzuri kabisa, haifai kupima chini ya mg 82. Pima mg 120 kwenye flaski ya ml 100. Ukolezi ni ule ule. Pima standadi mara mbili, kila moja na flaski yake. Zikitofautiana kwa zaidi ya 2%, rudia kupima kabla ya kugusa sampuli.

Mwanafunzi_Maabara: Asante sana. Lakini standadi ya farmakopia ni ghali, na mg 120 kila siku…

Jibu: Tengenezeni standadi ya kazi. Chukueni malighafi safi ya amoksilini, ipimeni dhidi ya standadi ya farmakopia, kisha igaweni kwenye vichupa vidogo, kila kimoja cha kufunguliwa mara moja tu.

Bomba_la_Kioo: Chumba chetu kina nyuzi 30. Inaleta shida?

Jibu: Flaski imepimwa kwa nyuzi 20, na maji kutoka 20 hadi 30 yanatanuka karibu 0.25%. Jaza standadi na sampuli zikiwa na joto moja, makosa yatafutana.

Bomba_la_Kioo: Na shinikizo la kolamu linapanda kila Jumatatu.

Jibu: Mnaacha bafa ndani wikendi nzima. Fosfeti inaganda ikikutana na asetonitrili nyingi, na bafa iliyokaa inaota bakteria. Ijumaa osheni kwa maji yenye asetonitrili 5% kwa nusu saa, ndipo mpandishe asetonitrili hadi 70%. Na Jumatatu, kabla ya bafa, rudini kwanza kwenye ile ya 5%.